SEIKO 5: SAA YA MTU WA KAWAIDA NA SAFARI YAKE TANGU MWAKA 1963

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Nimeombwa niseme juu ya kitu chenye historia, nami nimechagua saa ya mkono. Sikuchagua saa ya wafalme wala ya matajiri. Nimechagua Seiko 5, saa ambayo wengi wetu tuliiona kwanza mkononi mwa baba, mjomba, mwalimu au dereva wa basi. Vijana, nisemapo Seiko 5 sisemi habari za saa tano asubuhi. Hilo ni jina la saa yenyewe, na ile tano ina maana yake. Nitaieleza.

Lakini tuanze na chimbuko. Mwaka 1881 kijana mmoja wa Tokyo, Kintaro Hattori, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua duka la kuuza na kutengeneza saa. Mwaka 1892 alianzisha kiwanda chake cha saa za ukutani, akakiita Seikosha. Mwaka 1913 kiwanda hicho kikatoa saa ya mkono ya kwanza kutengenezwa Japani, iliyoitwa Laurel. Kisha tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la ardhi likaikumba Tokyo, moto ukateketeza kiwanda. Pamoja na mali yake mwenyewe ziliungua saa za wateja zipatazo 1,500 zilizoletwa kutengenezwa. Hattori aliwapa wateja hao saa mpya badala ya zilizoungua. Mwaka uliofuata, 1924, ndipo jina la Seiko lilipotokea kwa mara ya kwanza juu ya uso wa saa. Nawaomba vijana mlikumbuke jambo hili, kwa maana jina jema lilitangulia kujengwa kwa deni lililolipwa.

Sasa nije kwenye saa yetu. Katika miaka ya 1950 saa za Uswisi ndizo zilizotawala dunia. Saa nyingi za bei nafuu zilitaka mwenyewe azitie ufunguo kila siku, na akisahau, zinasimama. Saa za kujijaza zenyewe zilikuwapo, lakini zilikuwa ghali. Mwaka 1959 mafundi wa Seiko walibuni kipande kidogo walichokiita wenzo wa ajabu. Ndani ya saa ya otomatiki mna chuma kizito cha umbo la nusu mwezi, nacho huzunguka kila mkono unapotikisika. Shida ni kwamba chuma hicho huzunguka mara kulia, mara kushoto, na kamani hukubali kukazwa upande mmoja tu. Wengine waliitatua shida hiyo kwa magurudumu mengi ya meno. Wajapani walitumia wenzo mmoja wenye mikono miwili kama makucha: chuma kikienda kulia, kucha moja huvuta gurudumu; kikienda kushoto, kucha ya pili hulisukuma. Gurudumu likabaki kwenda upande ule ule. Vipande vilipungua, na vipande vikipungua, bei hushuka na maradhi hupungua.

Kwa msingi huo, mwaka 1963 ikatoka Sportsmatic 5. Ile tano ilikuwa ahadi tano kwa mnunuzi. Kwanza, saa itajijaza yenyewe. Pili, siku na tarehe zitaonekana katika dirisha moja. Tatu, itastahimili maji. Nne, kichwa cha kutilia ufunguo kitafichwa kidogo penye alama ya 4, kisimchome mtu mkononi. Tano, kasha na mkanda vitakuwa imara. Ndani yake mlikuwa na kamani ya aina isiyokatika ovyo, iliyoitwa Diaflex, na vispringi vya kukinga mishtuko, vilivyoitwa Diashock, ili saa ikianguka, mhimili mwembamba wa gurudumu linalopigapiga usivunjike. Mambo hayo hayakuwa mageni. Lililokuwa jipya ni kuyakusanya yote katika saa ambayo kijana aliyeanza kazi angeweza kuinunua.

Mwaka uliofuata, 1964, Tokyo iliandaa michezo ya Olimpiki, na Seiko ndiyo iliyopewa kazi ya kupima muda. Hapa historia hii inagusa kwetu. Katika mbio za mita 800 Wilson Kiprugut alishika nafasi ya tatu na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Muda wao ulipimwa kwa vyombo vya kampuni hiyo hiyo. Tena, ile mashine yao ya kupima muda na kuuchapa papo hapo ndiyo iliyofungua njia ya mashine ndogo ya kuchapa iliyoitwa EP-101, ya mwaka 1968, na kutoka hapo likazaliwa jina la Epson. Basi kijana akiona printa ya Epson ofisini, ajue ni jamaa ya saa ya babu yake.

Mwaka 1969 ulikuwa mwaka wa mambo mawili. La kwanza, katika jamii hii ya Seiko 5 ilitoka Speed-Timer, saa ya otomatiki yenye kipimo cha mbio ndani yake, na ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani za namna hiyo. Ndugu yake wa mtambo ule ule, wa namba 6139, alifika mbali zaidi: rubani wa anga William Pogue wa Marekani alikuwa nayo mkononi katika safari ya siku 84 ndani ya chombo cha Skylab, kuanzia Novemba 1973 hadi Februari 1974. Haikuwa saa aliyopewa na serikali, bali aliyoinunua mwenyewe.

La pili lilitokea siku ya Krismasi ya mwaka huo huo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko waliuza saa ya mkono ya kwanza duniani ya kwatzi, iliyoitwa Astron. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Lakini ilikosea sekunde 5 tu kwa mwezi, wakati saa ya kamani huweza kukosea hivyo kwa saa chache. Miaka ilipopita, saa za betri zikawa rahisi kuliko saa za kamani. Uswisi iliumia vibaya: wafanyakazi wa viwanda vya saa walikuwa karibu 90,000 mwaka 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki 30,000 na kidogo.

Mtu angetegemea kwamba kampuni iliyoleta mapinduzi hayo ingezitupa saa zake za kamani. Haikufanya hivyo kwa Seiko 5. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Kulikuwa na watu wengi duniani ambao hawakuwa na duka la betri karibu, wala hawakutaka saa ya kufunguliwa kila baada ya miaka miwili. Ndipo ikaendelea kuuzwa katika nchi za Kiarabu, Asia na kwetu Afrika. Baadhi ya zilizotufikia Pwani zina siku zilizoandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza, alama ya njia zilizopitia.

Katika miaka ya 1970 na 1980 mtambo ulioenea sana ulikuwa wa namba 7009, wenye vito 17. Mwaka 1996 ukaja 7S26, wenye vito 21. Huu hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara 518,400 kwa siku, na zaidi ya mara milioni 189 kwa mwaka, bila betri, kwa nguvu ya mkono wako tu. Upungufu wake ni kwamba haukubali kutiwa ufunguo kwa mkono, wala mshale wa sekunde hausimami unaporekebisha saa. Mwaka 2019 kampuni iliipa jamii hii sura mpya kwa jina la Seiko 5 Sports, pamoja na mtambo 4R36, ambao huyaweza yote mawili. Mwaka 2022 ikaongezwa saa yenye mshale wa nne, wa kuonyesha saa za nchi ya pili. Wenzetu walioko ng'ambo watafurahi. Lakini sisi tulitangulia: Mswahili huona mshale kwenye 7 akasema ni saa moja asubuhi, na hajawahi kuhitaji mshale wa ziada.

Sasa, ndugu zangu, liko swali ambalo wapenzi wa saa hizi hugombania. Je, ya leo ni ile ile? Wako wasemao kwamba ahadi ilikuwa saa nzuri kwa bei ya mtu wa kawaida, na kwamba kila sura mpya inapokuja, bei nayo hupanda ngazi. Mimi naona wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, mtambo ni bora kuliko wa awali, na wenzo ule wa ajabu wa mwaka 1959 bado unafanya kazi yake. Kitu hubadilika na kubaki kile kile iwapo ahadi ya msingi inatunzwa. Siku Seiko 5 itakapokuwa saa ya matajiri peke yao, itabaki na jina tu.

Tusidanganyane pia: saa hii haishindi saa ya betri kwa usahihi. Mtambo wa 4R36 unaruhusiwa na kiwanda kukosea hata sekunde 45 mbele au 35 nyuma kwa siku. Thamani yake iko penginepo. Ikiharibika, hufunguliwa, husafishwa, hutiwa mafuta, ikaendelea. Ilitengenezwa na watu waliotegemea kwamba atakuwapo fundi.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Majumbani mwetu zimo saa hizi ndani ya makabati, zimesimama tangu wenyewe walipofariki. Msizitupe. Geuzeni kasha nyuma. Mtaona namba mbili zilizounganishwa kwa kistari. Tarakimu nne za mwanzo ni namba ya mtambo. Kisha iko namba ya mfululizo: tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi, ambapo O ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba. Kwa mfano, mtambo 6119 wenye namba inayoanzia 02 ulitoka Februari 1970. Mtambo ndio unaokuonyesha ni muongo gani, kwa kuwa ile tarakimu moja hurudi kila miaka kumi.

Msiishtue saa iliyolala miaka mingi kwa kuitikisa mpaka iende, kwani mafuta yamekauka na chuma kitasuguana na chuma. Mpelekeeni fundi. Msikubali uso wake upakwe rangi mpya ya kung'aa. Uso wa zamani wenye mikwaruzo ndio ushahidi wake. Na atakayenunua ya zamani ajihadhari, maana sokoni zimejaa zilizopakwa upya na kuchanganywa vipande.

Lakini fundi yuko wapi? Yule mzee wa kibanda kidogo, mwenye lenzi jichoni na kibano mkononi, amepungua sana katika miji yetu, na wengi wao hawana mwanafunzi. Saa inaweza kuishi miaka 60. Ujuzi usiorithishwa hufa siku moja na mwenyewe. Naomba umoja wetu ufikirie kuwalipia vijana wawili au watatu wa shule hii wakajifunze kwa fundi wakati wa likizo. Nanyi vijana, msidharau kazi ya mikono. Aliyeanzisha yote haya alianza kwa kutengeneza saa za watu.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha, na itakuwa aibu kwa msemaji wa saa kuzidisha.