Neno la Wazee katika Siku ya Yubile



Baba Askofu, Mapadri wapendwa, Masista, makatekista, wakubwa wa jumuiya, wageni wetu wa karibu na wa mbali, nanyi watoto na wajukuu wetu,

Halmashauri ya parokia imetuomba sisi wazee tuseme neno juu ya maisha ya vijiji vyetu tangu zamani mpaka leo. Twashukuru kwa heshima hiyo. Lakini mzee akipewa nafasi ya kusema, mara nyingi husifu ujana wake na kulaumu ujana wa wengine. Kwa hiyo tumepatana kusema mambo mawili tu: yale tuliyoyaona, na lile tulilolificha.

Wengi wetu tulizaliwa hapa kando ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba, kabla ya Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Babu zetu walitusimulia habari za Mpala, walikofika Mapadri Weupe mwaka 1885, na habari za Padri Stefano Kaoze, mtoto wa inchi hii, aliyepewa upadri kule Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza kati ya wana wa Kongo katika nyakati hizi zetu.

Katika utoto wetu, baba zetu walivua ndakala usiku kwa mwanga wa kuni zilizowaka mbele ya mtumbwi. Kiisha zikaja taa za mafuta, na leo vijana wanawasha taa za betri zilizopata nguvu kwa jua. Mama zetu walitwanga muhogo, na mlio wa vinu ulituamsha kabla ya kengele ya Misa. Leo mashini inasaga kwa muda mfupi kile kilichowachosha siku nzima. Tukisikia mtu akililia vinu vya zamani, twamwambia: uliza kwanza wale walioshika mchi.

Tena tusisahau kwamba kijiji cha zamani kilikuwa na machozi yake. Sheria ya mwaka 1917 iliipa Leta ruhusa ya kuwalazimisha watu kulima mashamba ya amri mpaka siku 60 kwa mwaka. Aliyekataa alilipa faini au alifungwa. Mambo hayo hatuyatamani tena.

Lakini yako mambo yaliyopunguka kweli. Ziwa limepata joto kuliko zamani, nyavu zimekuwa nyingi, na ndakala wamepunguka. Mwaka 2024 inchi zilizo kando ya ziwa zilipatana kufunga uvuvi kwa miezi mitatu, tangu nusu ya Mei mpaka nusu ya Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Baba zetu wasingeamini kwamba siku moja ziwa litahitaji kupumzishwa kama shamba.

Sasa tuje kwa lile la pili, ambalo ni zito.

Mnajua kwamba vita vya mwaka 1998 vilitutawanya. Wengine walikimbilia Zambia, wakakaa Mwange na Kala. Wengine walivuka ziwa, wakakaa Nyarugusu kule Tanzania. Wengine tulibaki, tukijificha milimani. Tangu mwaka 2007 ndugu zetu wa Zambia walianza kurudishwa kwa wingi. Tuliwapokea kwa nyimbo. Lakini nyimbo zilipokwisha, waliuliza: shamba letu liko wapi?

Zamani mashamba yetu hayakuwa na karata. Mpaka ulikuwa mwembe, kichuguu, kijito, mstari wa michikichi. Karata ilikuwa kichwa cha mzee. Mashamba ya waliokimbia yalikuwa yamelimwa na waliobaki, na waliobaki walikuwa jamaa zetu.

Alikuja mama mmoja mjane pamoja na watoto wake. Alisema kwamba michikichi iliyo karibu na kijito ilipandwa na marehemu mume wake. Mkubwa wa kijiji alituita tushuhudie. Wanne kati yetu tulikuwapo siku ile ya kupanda. Tulikula hata chakula cha kazi. Lakini aliyeshika shamba alikuwa ndugu yetu. Tukajibu kwamba hatukumbuki. Watu walituamini, maana ni kawaida mzee kusahau. Hivi uzee, ambao Mungu alitupatia ili tuwe mashahidi, tukaugeuza kuwa kisingizio. Mama yule alikwenda kulima mbali, mlimani, penye mawe.

Tulipotayarisha sikukuu hii, katekista alitufundisha maana ya yubile. Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, baragumu ilipigwa mwaka wa hamsini, na kila mtu alirudi kwenye urithi wa ukoo wake. Tulitazamana, hakuna aliyesema neno. Tungewezaje kuvaa kitambaa cha yubile, kupiga vigelegele na kukata ng'ombe, huku shamba la mjane liko mikononi mwetu?

Basi, juma lililopita tulikwenda kwa mkubwa wa kijiji, tukasema kweli mbele ya mama yule na mbele ya ndugu yetu. Shauri halijakwisha, maana aliyelima miaka mingi naye ana watoto. Ndugu yetu ametukasirikia, na mama bado hajatujibu. Lakini uwongo wetu umeondolewa njiani.

Ninyi vijana, twawaomba mambo mawili. La kwanza, mtusamehe. La pili, kiangazi kinachokuja, majani yakisha kuungua, mtembee nasi mpaka kwa mpaka, mkiwa na daftari, pamoja na watu wa Haki na Amani wa parokia. Wenye mashamba ya pande zote mbili wawepo. Mtuulize, mtubishie, na mwandike. Macho yetu yamepungua na miguu inauma, lakini mwembe ule twaujua bado. Tukifa kabla ya kuwaonyesha, mtabaki na ugomvi tu, na hakutakuwa na mtu wa kuumaliza.

Msitushukuru kwa kuishi siku nyingi, kwa sababu hiyo ni zawadi ya Mungu. Mtushukuru tukiwa tumesema kweli kabla ya kwenda.

Mungu aibariki parokia yetu, awapumzishe marehemu wetu kwa amani.