Picha Sio Kipimo: Tudai Majibu ya Maabara Kuhusu Sumu Kwenye Chakula na Maji

(Maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa chama. Nayaweka hapa kwa ajili ya ambao hawakuwepo.)



Kwenye magrupu yetu haikosi kuzunguka picha ya nyanya zenye unga mweupe, chini imeandikwa "tunalishwa sumu". Tunaisambaza, tunailaani serikali, jioni tunakula kachumbari ileile. Jamani, picha ile haithibitishi kitu. Mabaki ya viuatilifu hayaonekani kwa macho. Nyanya inayong'aa inaweza kuwa nayo mengi kuliko yenye vumbi. Na zipo dawa zinazonyonywa na mmea zikaingia ndani kabisa. Hizo hata uoshe vipi hazitoki zote.

Kinachothibitisha ni kipimo. Njia moja inayotumika sana duniani ilichapishwa mwaka 2003, na wala sio uchawi. Nyanya zinasagwa, zinachukuliwa gramu 10, zinatiwa mililita 10 za kiyeyushi kiitwacho asetonitraili, zinatikiswa pamoja na chumvi. Kiyeyushi kinajitenga na maji kikiwa kimebeba dawa. Kinasafishwa, kisha kinaingizwa kwenye mashine yenye mrija mwembamba na mrefu. Humo kila kemikali inapita kwa mwendo wake na kutoka kwa zamu. Mwishoni inavunjwa, vipande vyake vinapimwa uzito, na hapo inajulikana ni dawa gani na ni kiasi gani.

Sasa sikieni siasa yake. Umoja wa Ulaya umeweka kwamba dawa isiyo na kiwango chake maalumu isizidi miligramu 0.01 kwa kilo. Hiyo ni gramu moja kwenye tani 100 za mboga, yaani Fuso 10 za tani kumi kumi. Mboga yetu inayopanda ndege kwenda Ulaya lazima itimize masharti hayo. Na ile inayoshushwa Mabibo usiku? Mimi sijawahi kuona majibu yake yamebandikwa popote. Wewe umewahi?

Maji nayo ni hivyohivyo. Pale Vikuge, Kibaha, viuatilifu vya msaada vilivyoletwa miaka ya 1980 viliachwa vikaharibika. Mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Lakini utafiti uliochapishwa 2004 ulikuta DDT bado imo kwenye udongo na kwenye maji ya visima. Kwa macho palikuwa safi. Maabara ikasema hapana. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha DDT kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita. Hiyo ni gramu moja kwenye maboza 100 ya lita 10,000. Hakuna ulimi unaoweza kuonja hiyo.

Tusimgeuze mkulima adui. Yeye ndiye wa kwanza kuivuta hiyo dawa, tena bomba liko mgongoni, mara nyingi bila barakoa wala bwana shamba wa kumwambia asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Na tusiseme kila mabaki ni kifo. Swali ni kiasi gani, na jibu linatoka maabara.

Wenye kazi wapo. TBS wanasimamia usalama wa chakula tangu 2019. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu imeundwa kwa sheria ya 2020. Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Na sisi tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayowapa siku 30 kujibu.

Kwa hiyo kazi ya kila tawi ni barua moja tu, yenye maswali manne: mwaka huu mmechukua sampuli ngapi kwenye soko letu na visima vyetu? Mmepima dawa zipi? Ngapi zimezidi kiwango? Mlichukua hatua gani? Weka tarehe, wapige muhuri wa kupokea, hesabu siku 30. Wakijibu, tunabandika sokoni wananchi wasome. Wakikaa kimya, tunabandika ile barua yenye muhuri, na diwani aulizwe kwenye baraza.

Serikali inayojua kupima ushuru wa kila tenga la nyanya inaweza pia kupima kilichomo ndani ya tenga.