Makato Yasiyojulikana Katika Kadi ya Benki: Tuulize Kabla ya Kumshuku Mtu

Hotuba kwa wafanyabiashara na mawakala wa forodha wa Busia



Mwenzetu anapofungua taarifa ya akaunti yake na kukuta dola kadhaa zimekatwa na mtu asiyemfahamu, jambo la kwanza linalomjia moyoni ni wizi. La pili ni jina. Na jina hilo, kama tunavyoshuhudia katika dawati letu, mara chache huwa la mtu wa mbali. Huwa ni jina la karani wake, la mtoto wa ndugu aliyekuja kukaa naye, au la kijana wa kibanda alikochapishiwa nyaraka wiki iliyopita. Hapo ndipo fedha ndogo huzaa shauri kubwa, na ndiyo sababu tumeomba nafasi hii.

Programu nyingi za kompyuta na simu siku hizi haziuzwi mara moja zikaisha. Hukodishwa. Mnunuzi huandika tarakimu za kadi yake mara moja, hukubali masharti, na tangu hapo mwenye programu hukata ada kila mwezi au kila mwaka hadi atakapoambiwa aache. Ile namba ya uthibitisho ambayo benki hutuma kwa ujumbe mfupi huombwa kwa kawaida siku ya kwanza tu. Makato yanayofuata hupita kimya. Kwa hiyo hoja tunayoisikia sana kituoni, kwamba “sikuletewa ujumbe wowote, basi nimeibiwa”, haitoshi peke yake kuthibitisha wizi.

Aina inayowasumbua watu wetu zaidi ni jaribio la bei nafuu. Mtu anataka kugeuza waraka wa PDF uwe wa kuandikika. Tovuti inamwambia alipe dola 1.95 atumie kwa siku 7. Chini, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba siku hizo zikipita atakatwa dola 49.95 kila wiki nne. Tunaomba mlitazame neno hilo, wiki nne, kwa makini. Wiki nne si mwezi. Ni siku 28, kwa hiyo makato huja mara 13 kwa mwaka, jumla dola 649.35, tena tarehe yake hurudi nyuma karibu kila mara: leo tarehe 20, mwezi ujao 18 au 17, halafu 15. Asiyejua hesabu hiyo huona tarehe zinazobadilika na kuamini kuna mtu anayechota kwa kunyemelea.

Shauri la namna hiyo lilifika kwetu. Mwenye ofisi ya uwakala alimleta karani wake akitaka awekwe mahabusu mara moja. Kadi ilikuwa imekatwa dola 49.95 mara tatu, na kijana ndiye pekee aliyewahi kuishika pamoja naye. Kabla ya kuleta shauri, bosi alikuwa amekwisha kumfukuza kazi na kuzuia simu yake. Wapelelezi walimwomba mlalamikaji afungue barua pepe ya ofisi mbele yao. Katika sehemu ya barua zisizotakiwa kulikuwa na risiti zote, na ya kwanza ilikuwa ya dola 1.95, malipo ambayo bosi mwenyewe aliyaruhusu siku mteja alipokuwa akisubiri nyaraka za mzigo. Usajili ulisitishwa siku hiyo hiyo. Muuzaji alipoandikiwa alirudisha makato ya mwisho. Yale mawili ya awali hayakurudi. Kijana naye hakurudi. Alikuwa amepata kazi upande wa pili wa mpaka.

Hatusemi kwamba wizi wa kadi haupo. Upo, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho 2022, inatupa nguvu ya kuushughulikia. Wezi wa kadi hupenda kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo sana ili waone kama kadi iko hai. Hata hivyo, si kila kiasi kidogo ni jaribio la mwizi: wauzaji halali nao huweza kuzuia dola moja kwa muda ili kuihakiki kadi, kisha fedha hiyo huachiliwa yenyewe. Ikiwa imerudi na makato mengine hayakufuata, hakuna shauri hapo.

Tofauti huanzia kwenye jina lililoandikwa katika taarifa ya akaunti, na jina hilo mara nyingi hupotosha. Watengenezaji wengi wa programu hawapokei fedha wao wenyewe. Huuza kupitia kampuni kama Paddle au FastSpring, na jina la kampuni hiyo ndilo linaloonekana, wakati ninyi mlinunua kitu chenye jina jingine kabisa. Malipo yaliyopitia simu huweza kuonekana kwa neno GOOGLE likifuatiwa na jina la programu, au kwa maandishi APPLE.COM/BILL. Kiasi nacho huweza kutofautiana na bei mnayoikumbuka, kwa sababu ya kubadilisha dola kuwa shilingi, ada ya benki, na pengine kodi. Tafuteni kiasi cha dola, si cha shilingi, ndani ya barua pepe zenu zote, pamoja na zile za zamani. Waulizeni wa nyumbani na wa ofisini kwa upole. Mtoto aliyebofya mchezo wa simu hatasema kweli akiwa amekwisha kuona fimbo.

Mkimtambua muuzaji, ingieni katika akaunti yake msitishe usajili, na mhifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha hivyo. Kufuta programu kwenye simu au kompyuta hakusitishi usajili. Programu itaondoka na makato yatabaki. Hata kubadilisha kadi si kinga kamili, kwa maana yapo mabenki yanayoshiriki utaratibu wa kuwapelekea wauzaji namba mpya ya kadi ili malipo yaendelee. Mkikuta muuzaji anaendelea kukata baada ya kusitishwa, hapo mna dai halali la kurudishiwa fedha, na dai hilo hupelekwa kwa benki iliyotoa kadi. Katika mitandao ya Visa na Mastercard, madai mengi hupewa siku 120, lakini benki inaweza kumtaka mteja wake aseme mapema zaidi, kwa hiyo msiyalimbikize makato ya mwaka mzima.

Msipomtambua muuzaji hata baada ya kutafuta na kuuliza, zuieni kadi saa hiyo hiyo kupitia benki. Namba ya kupiga ni ile iliyochapishwa nyuma ya kadi yenyewe. Tunalisisitiza hili kwa sababu matapeli wanaijua hofu yenu. Huweka mtandaoni namba za uongo za huduma kwa wateja. Wengine hutuma barua pepe ya risiti ya uongo ikidai kwamba mmelipia programu ya kuzuia virusi kwa mamia ya dola, na kwamba mkitaka kufuta malipo mpige namba fulani. Fedha haijakatwa popote. Anayepiga huambiwa apakue programu inayomruhusu mgeni kuendesha kompyuta yake kutoka mbali, kisha afungue akaunti ya benki ili “arudishiwe”. Hapo ndipo huibiwa kweli. Angalieni kwanza taarifa ya akaunti. Kama makato hayamo, barua hiyo haistahili jibu.

Sisi wakazi wa mpakani tuna taabu yetu wenyewe. Wengi wanaishi upande huu na benki zao ziko upande wa pili, au wanatumia kadi za simu zisizo na plastiki, kama ile ya M-Pesa na Visa iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022. Mwenye dai lako ni yule aliyetoa kadi, popote unapolala. Namba ya kumbukumbu ya malalamiko kwetu Uganda huitwa SD, Kenya huitwa OB, na Tanzania ni RB. Muulize mtoa kadi anataka taarifa ya polisi ya upande gani kabla hujatoa nauli. Wenzetu nao wana sheria zao, Kenya ya 2018 na Tanzania ya 2015, na kosa lililovuka mpaka halimaliziki kwa sababu mtuhumiwa amehamia upande wa pili.

Mnapokuja kwetu, leteni kitambulisho, taarifa ya akaunti, barua pepe mlizoandikiana na muuzaji, na jibu la benki. Katika nakala mtakazotuachia, fichani namba ya kadi isipokuwa tarakimu nne za mwisho. Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihitajiki na askari yeyote, mwenye sare au asiye na sare, na anayeziuliza mripotini. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Lakini tunaomba ukweli: aliyelipa kwa hiari kisha akaapa kwamba hakulipa ataumbuliwa na risiti zake, na kumpa askari taarifa za uongo ni kosa la jinai. Kusema “nilijiandikisha, nikasahau” si aibu wala hakumzuii mtu kusaidiwa.

Na ikiwa tayari kuna mtu mnayemshuku, mleteni shaka hiyo kwetu, msimlete yeye akiwa amefungwa kamba. Tutauliza maswali tuliyoyaeleza, kwa utaratibu ule ule.

Maofisa wawili wa dawati letu watabaki hapa baada ya mkutano. Mwenye taarifa ya akaunti yenye jina asilolielewa aje nayo, pamoja na simu yenye barua pepe yake, tuisome pamoja. Wasiopata nafasi leo watatukuta kituoni.