Jengo la Ponte

Somo letu la leo latupeleka Johannesburg, mji mkubwa wa Afrika ya Kusini. Huko liko jengo la duara kama bomba, jina lake Ponte. Lilimalizika mwaka 1975. Lina ghorofa zaidi ya 50, na urefu wake ni mita 173. Ukipanga minazi mirefu saba, mmoja juu ya mwenziwe, ndipo utakaribia kilele chake.

Katikati jengo ni tupu, tangu chini hata juu, kama kisima. Sababu ni hii: sheria ilitaka kila jiko na kila bafu liwe na dirisha. Kwa hiyo wajenzi waliacha uwazi ndani, ili mwanga uingie pande zote mbili.

Zamani zile serikali ilifuata ubaguzi wa rangi. Wapangaji wa Ponte walikuwa Wazungu. Mwafrika aliweza kuingia kufagia na kupika, lakini kupanga hakuruhusiwa. Katika miaka ya 1980 Waafrika walianza kuhamia mtaa ule, ingawa sheria ilikataza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991. Wakaja pia wageni, wengi kutoka Kongo. Wazungu wakahama.

Sasa sikilizeni kwa makini. Jengo liliachwa bila matengenezo. Takataka zilitupwa katika ule uwazi, zikarundikana ghorofa kadhaa. Wahalifu wakaingia. Katika miaka ya 1990 wako waliotaka Ponte ifanywe gereza! Wengi walisema wapangaji wapya ndio walioiharibu. Je, ni kweli? Mimi naona sivyo. Lifti haijitengenezi, na taka za maelfu ya watu hazijizoi. Kodi ikilipwa na kazi isifanywe, aibu si ya mpangaji peke yake.

Ushahidi ni huu. Baada ya mwaka 2000 taka zilizolewa, walinzi wakawekwa mlangoni, vyumba vikatengenezwa. Mwaka 2007 wapangaji wengi waliondolewa ili jengo lifanywe la anasa, lakini mwaka 2008 fedha zilikosekana na mpango ukafa. Vyumba vikapangishwa tena kwa watu wa kawaida, wafanyakazi na watoto wao. Hata watalii huenda kulitazama. Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni utunzaji.

Zungumzeni darasani: katika mtaa wenu, kuzoa taka ni kazi ya nani? Kisha kila mtu aandike jibu lake kwa sentensi tatu.