Khabari na Taalimu katika Simu Moja
Mada kwa semina ya walimu na waandishi wa habari, Nandagala



Wanaodhani kuwa mwandishi wa habari na mwalimu wamekutana juzi tu, kwa sababu ya intaneti, yafaa wakumbuke kwamba Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanza kutoa Mambo Leo, msomaji aliyelifungua gazeti hilo kwa kutafuta khabari za ulimwengu alikuta humo pia maelezo ya kilimo na afya na mashairi ya watu wa kila jimbo, na shule zilizokuwa na uhaba wa vitabu zikalifanya kuwa kitabu cha kusomea. Ila yake haifichiki: lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo halikuweza kuihoji serikali hiyo. Hata hivyo lilithibitisha kwamba khabari na somo zaweza kukaa katika sahifa moja bila kugombana. Na miaka 50 baadaye, katika kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, redio, vitabu vidogo na vikundi vya wasikilizaji viliunganishwa hata watu wapatao 2,000,000 wakawa wanajifunza jambo moja kwa wakati mmoja, kisha wakitoka kikundini wanakwenda kuchimba vyoo.

Leo simu ndiyo gazeti na ndiyo darasa. Lakini wanaoandaa khabari zake na wanaoandaa masomo yake aghalabu hawajuani, na taathira ya kutojuana huko yaonekana wazi hapa kwetu katika msimu wa korosho.

Mnada ukimalizika, khabari hutufikia kabla ya jua kutua: bei ya juu ni kadhaa, bei ya chini ni kadhaa, tani kadhaa zimenunuliwa. Khabari ni sahihi, wala mwandishi hakusema uongo. Ila mkulima mwenye stakabadhi yake mkononi huzidisha kilo zake kwa bei ile ya juu, na fedha zinapoingia benki zikiwa pungufu, humshuku karani wa chama cha msingi cha ushirika, ilhali hakuna aliyemweleza kwamba korosho zake huenda zilikuwa katika ghala lililopata bei ya chini, au ziliwekwa daraja la pili, na kwamba katika kila kilo hutolewa makato ya ushuru, ya ghala, ya usafirishaji na ya ushirika, mambo ambayo kwa pamoja huitwa mjengeko wa bei. Tuseme kilo 100 zimeuzwa kwa shilingi 3,000 kila moja, na makato ni shilingi 200 kwa kila kilo: mkulima hapokei 300,000 bali 280,000. Hesabu hii mtoto wa shule ya msingi aiweza, na lau ingaliwekwa chini ya khabari ile ile, yule mtoto angaliwasomea wazee wake nyumbani. Na iwapo fedha zilizoingia ni pungufu ya hizo 280,000, hapo ndipo mkulima angejua swali la kuuliza na wa kumuuliza.

Kwa upande wa pili, somo lisilojua majira huwa halina faida. Watafiti wa korosho wa kituo cha Naliendele wamefundisha kwa miaka mingi juu ya ugonjwa wa ubwiriunga na jinsi ya kuuzuia kwa kupuliza salfa. Lakini somo hilo likiwekwa mtandaoni mwezi Desemba, magunia yakiwa yamekwisha kwenda ghalani, nani atalishughulikia? Likitolewa mikorosho inapoanza kuchanua, huwa khabari na somo kwa pamoja.

Nina khofu mbili. Ya kwanza ni malipo: muuza salfa akigharimia somo, msomaji aambiwe hivyo waziwazi, maana hadhi ya mwandishi haipungui akifundisha, bali hupungua akificha aliyemlipa. Ya pili, nayo naiona kubwa zaidi, ni masahihisho: khabari ya mtandaoni hurekebishwa kimyakimya, lakini mwanafunzi aliyekwisha kuinakili katika daftari lake hubaki na kosa, maadam hakuna aliyemjulisha, kwa hiyo kila sahihisho lisimame juu ya makala, na tarehe yake.

Napendekeza basi tuanze na mnada wa kwanza wa msimu ujao. Mwandishi amletee mwalimu wa hisabati rasimu yake kabla ya kuitoa. Mwalimu aongeze mfano mmoja wa hesabu na maswali mawili. Makala yawe ya maandishi, si ya video, kwa kuwa bando ni ghali na wengi wetu twatumia vitochi ambavyo ujumbe mfupi huvitosha. Nakala moja ichapwe na kubandikwa katika ofisi ya chama cha msingi, ikiwa na jina la aliyeandika na la aliyekagua hesabu.