Jando, Unyago na Sala za Wazee wa Masasi

Msikilizaji, korosho zikishapita mnadani na hela ikaingia, kinachofuata huku kwetu kinajulikana. Kuanzia Mikindani hadi Tandahimba na Newala, shule zinafungwa, spika zinakodiwa, kanga za sare zinanunuliwa, na kila wiki kuna watoto wanatolewa jandoni au unyagoni. Leo nasema na Wakristo wenzangu. Jirani zangu Waislamu nanyi kaeni msikilize, kwani jambo hili halichagui dini. Mtoto wetu anapoingizwa ndani, sisi tunaosali tunakuwa wapi?

Majibu ninayoyasikia ni mawili. La kwanza linatoka kwenye mikutano ya injili ya viwanjani: hayo yote ni ya shetani, yachomwe moto. La pili halisemwi, linatendwa. Mzazi anampeleka binti kimyakimya, anacheza ngoma mpaka kunakucha, na Jumapili huyo yuko benchi la mbele, ametulia. Huyu wa pili simlaumu zaidi ya yule wa kwanza. Wote wawili wamemwacha mtoto aingie peke yake.

Ipo njia nyingine, na ilitengenezwa katika mkoa huu huu wa Mtwara.

Mgeni akifika Mikindani huoneshwa nyumba yenye kibao cha David Livingstone, aliyeteremka hapa Machi 1866 baada ya kushindwa kupata pa kushukia mdomoni mwa Ruvuma. Alikaa siku chache akaenda zake bara. Kibao cha Cecil Majaliwa sijakiona popote. Huyu alikuwa Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Zanzibar, akatumwa huku kwetu Chitangali mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika misheni ya Kianglikana ya UMCA. Yeye na wenzake waliomfuata ndio walioishi na watu wa huku, wakala nao, wakazika nao.

Ndio pia waliokutana na swali la jando uso kwa uso. Kijana aliyebatizwa akizuiwa asiende, rika lake linamhesabu mtoto hadi anaota mvi. Akiachwa aende, anakutana na tambiko ambalo ubatizo wake umelikataa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, alilipa jando la Kikristo kibali cha kanisa. Maombi kwa mizimu yakaondolewa, sala kwa Mungu zikashika nafasi yake. Nyimbo na mafunzo machafu yakakatwa; heshima kwa wazazi, ukakamavu na siri za utu uzima vikabaki. Vitabu vingi vinampa Lucas sifa zote. Mimi nina shaka. Mzungu gani angejua kinachosemwa usiku ndani ya likumbi, kambi ya jando? Waliojua ni mapadri na walimu Waafrika waliowahi kulala humo wenyewe. Bila wao kibali cha askofu kingebaki karatasi.

Wazee wale walikuwa na jambo ambalo siku hizi limetuponyoka: walisali huku wanachambua. Walishika ungo. Wimbo huu una nini? Dawa hii ni ya kidonda au ni ya mizimu? Chakula hiki kinatolewa kwa nani? Sala ya namna hiyo haina kelele, na huchosha kuliko mkesha wa spika, maana inamtaka mtu aijue mila kabla ya kuitolea hukumu.

Unyago, tuseme ukweli, uliwasumbua zaidi. Katika mambo ya kina mama, wanaume wa kanisa hawakuwa na mlango wa kuingilia, na makungwi hawakuwa tayari kugawa mamlaka yao. Na hapo ndipo penye mzigo wetu leo. Jando limepata nafuu, kwa kuwa wavulana wengi sasa hutahiriwa na wahudumu wa afya. Unyago wa huku hauna kisu. Umri ndio unaonitia hofu. Mtoto wa darasa la tatu anaketishwa afundishwe mambo ya chumbani, mafunzo ambayo mahali pake ni kwa binti anayekaribia kuolewa. Tangu 2016 sheria inamfunga miaka 30 anayempa mimba mwanafunzi, na ni haki yake. Ila hakimu huja wakati msichana ameshaumia. Kungwi na mama mzazi walikuwa naye mapema.

Kwa hiyo mzazi Mkristo, kabla hujatoa mchango wa ngoma, nenda kwa kungwi ukamuulize anamfundisha nini mwanao, na umwambie bila kuficha kwamba yale ya ndoa yasubiri. Nanyi mapadri, wachungaji na wainjilisti, msingoje Desemba mje kulaani ngoma kwa kipaza sauti. Kina mama wa kanisani waliowahi kuwa makungwi mnao, na wengine wanaimba kwaya. Waiteni sasa, korosho zikiwa bado mtini, mkae nao chini, msali, halafu muwaulize kinachofanyika mle ndani. Wao wanajua.