Nguo, Jina na Hekaya: Kanga na Hoja ya Mila katika Wilaya za Tarime na Serengeti

1. Utangulizi



Mwaka 1999 kilichapishwa nchini Marekani kitabu cha Jacqueline Tobin na Raymond Dobard kiitwacho Hidden in Plain View. Kwa kutegemea masimulizi ya Ozella McDaniel Williams, mwuzaji wa mifarishi mjini Charleston, waandishi hao walidai kwamba watumwa waliotorokea kaskazini waliongozwa na mifarishi, yaani yale matandiko ya vipande vya nguo vilivyoshonwa pamoja. Kila nakshi, walisema, ilikuwa ishara: gurudumu la gari lilimwambia mtoro ajiandae kwa safari, na nyayo za dubu zikamwonyesha njia ya milimani. Kitabu kilipendwa mno na hekaya hiyo ikaingia mashuleni. Hata hivyo, wahistoria wengi waliipinga. Walisema kwamba ushahidi wa ishara hizo haupatikani katika masimulizi ya watu waliowahi kuwa watumwa yaliyokusanywa miaka ya 1930, na kwamba baadhi ya nakshi zilizotajwa hazijulikani kuwapo kabla ya utumwa kukomeshwa. Mwaka 2007 ubishi ulipamba moto upya, pale nakshi hizo zilipokusudiwa kuwekwa katika kumbukumbu ya Frederick Douglass jijini New York.

Nimeanzia mbali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pamba. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa katika viwanda vya kaskazini, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta Unguja. Waswahili wakaiita merikani, na misafara ikaibeba hadi bara. Mfarishi wa Marekani na vazi la mwanamke wa Unguja, kwa hiyo, ni ndugu wa shamba moja. Sababu ya pili ni swali linalotuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili: nguo inapopewa hekaya, tuipime vipi hekaya hiyo? Hoja yangu ni kwamba hekaya za nguo hazifai kukubaliwa wala kukataliwa kwa mkupuo. Kila moja ipimwe kwa neno, kwa nguo yenyewe na kwa haja ya anayeisimulia. Nitaonyesha pia kwamba huko Tarime na Serengeti kipimo hicho kinagusa maisha ya watoto wa kike.

2. Hekaya tatu za kanga

Hekaya ya kwanza ni ya ndege. Inasemwa kwamba kanga za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe juu ya rangi iliyokoza, zikafananishwa na manyoya ya ndege aitwaye kanga. Wengine huongeza kwamba ndege huyo hutembea kwa makundi na kelele nyingi, kama wanawake waliovaa sare. Wapo wanaoikataa hekaya hii na kudai kwamba jina limetokana na kitenzi cha kale chenye maana ya kufunga au kufunika.

Baadhi ya watu hutegemea tahajia ya zamani, khanga, na kudhani kwamba herufi kh ni dalili ya asili ya Kiarabu. Hapa isimu inatusaidia. Katika Kimvita, vipasuo visivyo ghuna vya nomino za ngeli ya 9/10 hutamkwa kwa mpumuo, nao mpumuo huo ni mabaki ya king'ong'o cha kale kilichodondoka. Ndivyo Mmvita anavyotofautisha paa, mnyama, na paa la nyumba. Herufi h katika khanga, basi, ni alama ya mpumuo huo wa Kibantu, wala si kh ya neno kheri. Lakini tusizidishe. Mpumuo unatueleza ngeli ya nomino tu; hauamui kama nomino hiyo ilitoka kwa ndege au kwa kitenzi. Hekaya ya ndege inabaki dhana inayowezekana.

Hekaya ya pili ni ya leso. Inasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa Unguja walinunua leso za kuchapwa zikiwa bado hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaunganisha safu mbili na kupata nguo moja ya leso sita. Hii ndiyo nguo yetu iliyo karibu zaidi na mfarishi. Neno leso ni la Kireno, na kwa hiyo wapo wasemao kwamba Wareno ndio walioleta vazi lenyewe. Neno na vazi, hata hivyo, havisafiri pamoja kila mara. Utawala wa Wareno Mombasa ulivunjwa mwaka 1698, ilhali vazi tunalolizungumzia ni la karne ya 19. Aidha, MacKenzie Moon Ryan, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Florida ya mwaka 2013, alichunguza sampuli za viwanda vya Ulaya vilivyochapa nguo hizi, na kazi yake inaelekeza kuiona kanga kama zao la kukutana kwa nguo za aina kadhaa na mikono ya watu wengi. Si uvumbuzi wa siku moja.

Hekaya ya tatu ni ya uhuru. Inasemwa kwamba waliokuwa watumwa Unguja waliitupa kaniki, nguo nyeusi ya unyonge, wakajifunga kanga za rangi ili waonekane waungwana. Kati ya hekaya zote tatu, hii ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi mavazi yalivyotumiwa kudai hadhi mpya baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897.

Tumeona basi hekaya tatu na hukumu tatu: moja haijaamuliwa, moja ina ukweli nusu, na moja imesimama. Msomi ambaye angezitupa zote kwa kuwa ni za mdomo angeipoteza ile iliyo kweli.

3. Kanga yafika Mara

Huko Tarime na Serengeti vazi la zamani la Wakuria, Wangoreme, Waikoma, Wanata na majirani zao lilikuwa la ngozi, na wanawake walijipamba kwa shanga na madini. Nguo za pamba zilichukua nafasi ya ngozi hatua kwa hatua, hasa katika enzi ya ukoloni. Kanga ilipofika ilikuja na jambo ambalo ngozi haikuwa nalo, nalo ni maandishi. Jina la kanga, ambalo chanzo chake huhusishwa na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, mwenye alama ya Mali ya Abdulla, liliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi. Hivyo mwanamke anayezungumza Kikuria nyumbani hujifunga methali ya Kiswahili kiunoni. Wanaochunguza kuenea kwa Kiswahili katika bara huanza na shule, jeshi, redio na siasa. Pindo na mji wa kanga navyo vinastahili kurasa zake.

Leo kanga imo katika shughuli zote za huko: uzazi, harusi, msiba na tohara. Mwali anayerudi nyumbani kutoka kutahiriwa husindikizwa kwa nyimbo, hufunikwa kanga na kutuzwa zawadi. Picha hiyo imezoeleka kiasi kwamba kanga huhesabiwa kuwa vazi la mila, na mila yenyewe husemwa kuwa haijabadilika tangu mababu.

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara huu. Kwa wasichana, jambo linaloitwa tohara ni ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya kuwa kosa la jinai dhidi ya msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Msimu unapokaribia mwezi wa Desemba, wasichana hukimbilia vituo vya hifadhi kama vile vya Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti. Hoja wanayoikimbia ni moja: hivi ndivyo ilivyokuwa tangu asili, na kisichobadilika hakibadilishwi.

Kanga inaijibu hoja hiyo. Nguo iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikachapwa Ulaya, India na Japani, na baadaye katika viwanda vyetu wenyewe, haiwezi kuwa vazi la tangu asili la sherehe ya Wakuria. Mtu fulani aliiweka ngozi kando, akamfunika mwali kanga, na wazee wakaridhia. Mila ilibadilishwa na wenye mila, wala haikufa. Sisemi kwamba kubadili vazi na kuacha kisu ni jambo la uzito mmoja. Nasema tu kwamba dai la kutobadilika limekanushwa na nguo iliyo begani mwa mwali mwenyewe.

4. Namna ya kuuliza

Tusije tukaitumia hoja hii kuwadharau wazee. Jan Bender Shetler, aliyetafiti masimulizi ya Serengeti na kuchapisha Imagining Serengeti mwaka 2007, ametufundisha kwamba hadithi za asili, kama ile ya Wanata juu ya mwindaji na mwanamke mkulima, hazipaswi kusomwa kama orodha ya tarehe. Zinahifadhi kumbukumbu ya jinsi watu walivyokaa na ardhi na jinsi walivyokaa wao kwa wao. Anayeuliza hadithi hizo mwaka hujibiwa kimya. Anayeziuliza uhusiano hupata mengi.

Kuna hata njia ya kupata wakati. Wakuria huyapa marika ya tohara majina yanayokumbusha matukio ya siku zao. Mtafiti kijana anayekwenda Tarime asimwulize bibi, "Kanga zilikuja mwaka gani?" Amwulize, "Bibi, ni rika lipi lililorudi nyumbani na ngozi mara ya mwisho, na lipi lililofunikwa kanga mara ya kwanza?" Jibu litakuwa historia iliyosemwa na jamii yenyewe, kwa kalenda yake yenyewe. Litakuwa na nguvu barazani kuliko takwimu yoyote tunayoweza kuipeleka kutoka mjini, kwa kuwa aliyelisema ni mwenye mila.

5. Hitimisho

Ubishi wa mifarishi ya Marekani una funzo la mwisho. Wakati watu walipokuwa wakigombania ishara za siri, kazi za Harriet Powers wa Georgia zilikuwepo. Mwanamke huyo aliyezaliwa utumwani alishona mifarishi ya visa vya Biblia, naye mwenyewe alieleza maana ya picha zake, maelezo yakaandikwa. Hekaya nzuri inaweza kuziba masikio yetu tusimsikie mshonaji aliyesema waziwazi. Huko Mugumu na Masanga wapo wasichana wanaojifunza ushonaji leo. Kazi yetu sisi wa taaluma hizi ni kuwauliza mapema, wangali hai na kumbukumbu zao zingali mbichi, ili wajukuu wasije wakalazimika kutuulizia sisi maana ya nguo walizozishona wao.